Waya Ambao Haukuchomolewa

Alipobonyeza mara ya kwanza, haikuwaka. Mara ya pili taa ndogo ya kijani ilipepesa, feni ya nyuma ikajizungusha nusu duara kama mtu anayegeuka usingizini, kisha kimya. Karani wa vyeti aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, akahesabu hadi thelathini bila kutoa sauti, akabonyeza tena na kushikilia kidole pale pale. Mara hii ikawaka. Alirudi kitini na kufuta jasho kwa upindo wa mtandio.

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi. Ofisi ilifunguliwa saa mbili, na kabla ya mwezi huu yeye naye alikuwa akifika saa mbili, tena miongoni mwa wa mwisho. Siku hizi alimkuta mlinzi bado anakunja blanketi lake. Mlinzi alimsifu kwa kuipenda kazi, naye aliipokea sifa ile bila kumtazama usoni. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu aone jinsi mashine ile inavyowashwa. Aliificha kama mke anayemficha mume mlevi: anamwamsha mapema, anamnawisha uso, anamkalisha sebuleni, wageni wakifika wamkute kaketi kama mtu.

Tabia zake alikwisha zijua zote. Ikilala usiku kucha, asubuhi huwa ngumu kuamka. Ikishapata joto hutulia, lakini ukiitwisha kazi mbili kwa pamoja, kwa mfano kufungua daftari kuu la vizazi huku printa inatoa cheti, hujizima bila kuaga, na mara nyingine hujiwasha tena yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipanya hufa na kufufuka. Feni hulia kama kinu kilichoingia mchanga, kisha siku nyingine hunyamaza kabisa, na siku ya kimya ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo alifanya kazi moja moja. Alihifadhi kila mstari aliouandika. Foleni ilipokwenda pole na watu wakamsema mvivu, aliwaacha waseme. Mvivu lilikuwa jina jepesi kuliko lile alilostahili.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Usafi wa ofisi ile ulifanywa na mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, ambaye wote, kuanzia mkuu hadi mlinzi, walimwita Shangazi. Hakuwa mwajiriwa wa ofisi. Aliletwa na kampuni ya usafi, akavaa koti la bluu lenye jina la kampuni mgongoni. Chumba cha karani alikipiga deki saa mbili na robo, wakati ule ule karani anapofungua kila kitu kwa mpigo ili foleni ianze kusogea. Mashine ilipozimika mara ya kwanza, tambara la deki lilikuwa chini ya meza. Mara ya pili, vivyo hivyo. Karani akamwomba Shangazi awe mwangalifu na waya. Shangazi akasema hajaugusa. Mara ya tatu karani hakusema kwa upole.

Ikaja asubuhi ya ripoti. Rekodi mia mbili na kumi na nne za watoto waliozaliwa, kazi ya siku tatu, zilitakiwa makao makuu kabla ya saa sita. Mashine ilizimika katikati ya kuhifadhi, na ilipowaka faili lilikuwa limeharibika, halifunguki. Mkuu wa ofisi alikuja akasimama mlangoni, simu sikioni, makao makuu wakimsubiri upande wa pili, akauliza neno moja tu: nani? Karani alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huu ukiwa wa saba, na sahihi ya kuuendeleza ilikuwa ya mtu yule yule aliyesimama mlangoni. Akasema Shangazi alikuwa anapiga deki.

Hilo lilikuwa kweli. Lakini mkuu alitaka maandishi. Karani akaandika kwamba anadhani waya ulichomoka wakati mfanya usafi akipiga deki. Mkuu alisoma, akairudisha karatasi mezani kwa ncha ya kidole.

"Nadhani ni neno la barazani," alisema. "Ofisi haiendeshwi kwa nadhani. Ulimwona au hukumwona?"

Karani akaichana ile, akaandika nyingine: *Nilimwona mfanya usafi akichomoa waya wa kompyuta.* Akatia sahihi. Haikuchukua dakika tano.

Ikapigwa simu moja kwa kampuni, na kufikia saa nane Shangazi alikuwa amekwisha vuliwa koti la bluu. Unga wake ukamwagika hivyo. Mlinzi aliagizwa ampekue kabla hajatoka, kwa hoja kwamba mwenye kuharibu mali ya ofisi hashindwi kuichukua. Karani aliona yote kupitia dirisha lake. Mfuko wa Shangazi ulimwagwa juu ya benchi la wateja, foleni ikitazama: kipande cha sabuni, kitana, chupa ya maji, vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Akaulizwa sabuni ameitoa wapi. Akaeleza duka aliloinunua. Kisha akaokota kitu kimoja kimoja na kukirudisha mfukoni, polepole, kama anayepanga vyombo kabatini.

Siku nne zilizofuata mtandao haukuwepo, karani akawa anaandika barua tu, na mashine haikuzimika. Watu wakasema, si mnaona? Yeye pia alisema moyoni, si unaona? Siku ya tano mtandao ukarudi. Mashine ikazimika saa tatu asubuhi, na chumbani hakukuwa na mtu ila yeye. Alipiga magoti akaushika waya. Ulikuwa umekazwa barabara, nyuma ya mashine na ukutani. Akainuka, akaiwasha tena, na hakumwambia mtu.

Sasa, asubuhi hii, foleni ilianza kujaa kabla ya saa mbili. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha watoto shule, na shule hazikumpokea mtoto asiye na cheti. Ada ya cheti ilikuwa imepandishwa mwezi ule bila tangazo. Ilibandikwa karatasi dirishani, na karani ndiye aliyetukanwa kwa niaba ya karatasi. Wa kwanza alikuwa baba mwenye mapacha. Wa tano alikuwa mama mmoja aliyefika kwa mara ya tatu: mara ya kwanza alirudishwa kwa kukosa barua ya mtaa, mara ya pili kwa sababu barua ya mtaa ilikuwa na muhuri mwekundu badala ya wa bluu. Leo alikuja na kila kitu ndani ya mfuko wa nailoni, akaupitisha chini ya kioo cha dirisha bila salamu.

Karani aliandika jina la mtoto wake, akahifadhi. Akaandika la baba, akahifadhi. Akasubiri feni ipumzike, ndipo akabonyeza kuchapa. Printa ilivuta karatasi. Kutoka nyuma ya mashine kukasikika *tap*, kama kijiti kikavu kinavunjika, na kioo kikawa cheusi. Cheti kilibaki kimening'inia nusu ndani nusu nje, kimefika kwenye tarehe ya kuzaliwa.

"Kuna kitu kinaungua," alisema baba wa mapacha, ambaye alikuwa bado anahakikisha majina ya wanawe.

Karani alibonyeza. Hakuna. Akahesabu thelathini, akabonyeza. Hakuna. Hata ile taa ya kijani haikupepesa. Alirudia mara saba, foleni ikimtazama mikono, na harufu ya plastiki iliyosogezwa karibu na moto ikatanda chumba kizima.

Mkuu alitoka ofisini kwake kwa kelele za watu. Aliitazama mashine, akaitazama sakafu ambayo bado ilikuwa na unyevunyevu wa deki, kisha akamtazama dada mpya wa usafi aliyekuwa ameegemea mlango wa stoo na ndoo yake.

"Na huyu naye ameanza?"

Dada yule akashusha macho. Karani aliona mkono wake ukikaza ule mti wa deki.

"Hakuna aliyegusa kitu," karani alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akalazimika kurudia. "Hakuna aliyegusa, mkuu. Imekufa yenyewe."

Mkuu akaagiza aitwe fundi.

Fundi wa kompyuta waliyezoea kumwita aliitwa Bisibisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mfukoni, hata msibani. Alifika saa nne na nusu, mtu mfupi, mcheshi, na begi lililoshonwa mara nyingi. Afisa ugavi alimpokea mlangoni na kumsomea historia ya mgonjwa: mwaka huu ofisi imenunua kibodi mpya, kipanya kipya, kioo kipya na kebo ya kurefushia umeme, vyote kwa utaratibu, kwa hiyo ubovu hauwezi kuwa wa vifaa.

"Mgonjwa anaumwa moyo," Bisibisi akasema, "nyinyi mnamnunulia viatu."

Afisa ugavi akaeleza kwamba kwenye orodha ya manunuzi ya mwaka, vifaa vya kompyuta maana yake ni hivyo vinne. Bisibisi alikwisha piga magoti. Aliinama nyuma ya mashine akanusa, akagusa bati kwa mgongo wa mkono, akafungua ubavu. Vumbi likamwagika kama unga. Akakitoa kisanduku cha bati chenye feni na mkia wa nyaya za rangi rangi.

"Hii ndiyo pawa saplai," alimwambia karani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu. "Umeme wa ukutani ukiingia ndani ya kompyuta namna ulivyo, utaikaanga. Hii inaupokea, inaupunguza, inaugawa: huyu kidogo, huyu kidogo. Ikianza kuchoka, haifi siku moja. Inapunguza mgao. Kila kilichomo ndani kinakula nusu tumbo, na wewe unadhani kila kimoja kina ugonjwa wake."

Alitoa kisanduku kingine kutoka begini, akakiunganisha bila hata kukifunga skrubu, akabonyeza. Mashine iliwaka papo hapo, feni ikizunguka kwa sauti safi ambayo karani alikuwa ameisahau. Bisibisi akaizima, akafungua kile cha zamani. Ndani kulikuwa na vipipa vidogo vimesimama wima kama makopo dukani. Vichwa vyake, alieleza, hutakiwa viwe bapa. Vitatu vilikuwa vimevimba kama jipu, na kimoja kilikuwa kimepasuka na kutoa uchafu wa rangi ya kahawia uliokaukia pembeni.

"Huu uchafu ni wa zamani," alisema. "Miezi minne, mitano. Alama lazima zilikuwepo." Akamgeukia karani, na akaanza kumuuliza kama daktari anavyouliza wagonjwa wake, bila ubaya wowote. "Asubuhi ilikuwa inakataa kuwaka?"

"Ndiyo."

"Ukirudia inakubali?"

"Ndiyo. Mara ya tatu."

"Ilikuwa inajizima ukiipa kazi nyingi? Inajiwasha yenyewe?"

Karani alitikisa kichwa kukubali. Chumbani walikuwemo afisa ugavi, tarishi aliyeleta barua, na dada wa usafi aliyekuja kuzoa vumbi. Wote walikuwa wakijua habari ya Shangazi.

"Tangu lini?"

"Tangu... miezi mitatu hivi."

"Mpaka juzi?"

"Mpaka leo asubuhi."

Tarishi aliacha kupekua barua zake. Karani alihisi masikio yanawaka.

"Na harufu? Hii haifi bila kunuka kwanza. Mara nyingi harufu ndiyo inatangulia."

Angeweza kusema hakusikia. Bisibisi angeamini na kuendelea na skrubu zake. Lakini ilimjia jinsi ilivyokuwa: Shangazi kapiga magoti na kitambaa, kichwa usawa wa nyuma ya mashine, mahali ambapo pua ya mtu mwingine yeyote ofisini haifiki, akisema, mwanangu, mashine yako inatoa moto na inanuka kama plastiki jikoni, mwite mtu aitazame. Na yeye, bila kutoa macho kwenye kioo, akimjibu kwamba kila mtu afanye kazi yake, Shangazi afagie.

"Shangazi aliisikia," alisema. "Aliniambia. Hata kabla haijaanza kuzimika."

Bisibisi, ambaye hakujua Shangazi yupi, alikuwa anakaza skrubu.

"Basi huyo ndiye fundi," alisema. "Nyie wengine, mficha maradhi kilio humuumbua. Mwambieni nikipata ofisi nitamwajiri."

Saa tano na nusu mashine ilikuwa inafanya kazi. Karani alichapa upya cheti cha yule mama, akakigonga muhuri wa bluu, akamwomba radhi. Mama alikisoma kwanza, herufi kwa herufi, ndipo akaondoka mbio, akiwa amebakiwa na saa mbili kuifikia shule. Foleni ilikwisha saa nane. Kwa mwendo ule wa mashine, ingekwisha hivyo kila siku.

Karani alimkuta mkuu ofisini kwake akipitia taarifa ya fundi. Bisibisi alikuwa ameandika pawa saplai chakavu. Mkuu alikuwa amemwomba aandike upya, hitilafu iliyosababishwa na umeme kukatikakatika, kwa kuwa uchakavu ungezua maswali kuhusu nani hakuikagua. Bisibisi aliandika upya. Alikuwa na ofisi saba za aina hii, na wakuu saba waliojuana.

Karani alisema alichokuja kusema: yale maelezo ya mwezi uliopita hayakuwa kweli, hakuona mtu akichomoa waya, anaomba yaondolewe na kampuni ipewe taarifa.

Mkuu hakukasirika. Aliiweka kalamu chini.

"Mashine imepona. Mambo ya nyuma tuyaache nyuma."

"Alifukuzwa kazi, mkuu."

"Sisi hatukumfukuza mtu. Tuliiomba kampuni ibadilishe mfanyakazi. Yule hakuwa wetu." Kisha akasema kwa upole, kama mjomba anayemshauri mpwa, "Maelezo uliyaandika wewe kwa mkono wako. Leo ukisema hukuona, maana yake uliidanganya ofisi kwa maandishi. Hilo lina kifungu chake. Mkataba wako unaisha mwezi wa ngapi vile?"

Karani alisema umebakiza miezi miwili.

"Basi," mkuu alisema, na akachukua kalamu.

Alirudi kwenye meza yake akakaa. Haya ya kweli, aligundua, haina joto. Ile ya asubuhi mbele ya fundi ilimchoma masikio, hii ilikuwa baridi. Alikuwa amekwenda kwa mkuu akitumaini kukatazwa. Alitaka aambiwe haiwezekani, arudi nyumbani aseme nilijaribu. Na ameambiwa. Nyumbani kulikuwa na mama yake mzazi, kitandani tangu mwaka juzi, na mdogo wake aliyekuwa chuoni, wote wakila kwenye mkataba huo.

Akavuta karatasi. Aliandika kwa mkono, kama yale ya kwanza, nakala mbili. Alipofika mahali pa kutaja jina alikwama. Kwa miaka saba alikuwa amemwita Shangazi asubuhi na mchana, na hakuwa analijua jina lake. Ilibidi atoke akamuulize tarishi. Tarishi alimtajia jina kamili, la baba na la babu, kisha akamwelekeza na anapokaa, bila kuulizwa.

Nakala ya kwanza aliipeleka masjala. Mzee wa masjala alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaivua miwani.

"Hii lazima ipitie kwa mkuu ndipo niigonge muhuri."

"Haitapita."

"Najua." Mzee aliikunja, akaitia kwenye mtoto wa meza yake, chini kabisa. "Nimeipokea kwa mkono. Kwa muhuri sijaipokea."

Shangazi alikaa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na karani alikwenda kwa miguu kwa sababu nauli nayo ilikuwa imepanda wiki ile. Ilikuwa nyumba ya vyumba kumi vilivyozunguka ua wa saruji, bomba moja katikati, kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Jua lilikuwa bado juu ya mabati. Wanawake watano sita walikuwa wakisubiri ndoo zijae, wengine wameketi vizingitini. Shangazi alikuwa kwenye beseni, anakamua shuka ya mtu.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi aliikamua shuka mpaka tone la mwisho, akaitia ndooni, ndipo akainua macho.

"Marahaba. Kuna nini kimepotea tena?"

Karani alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamwishia. Alianza kwa kueleza habari za mashine, kisanduku cha umeme, vipipa vilivyovimba. Alijisikia akitumia maneno ya Bisibisi, yakamtoka kama ya kukariri. Shangazi alimwacha amalize.

"Kwa hiyo ilikuwa inaungua."

"Ndiyo."

"Nilikwambia inanuka."

"Uliniambia."

"Ukaniambia nifagie."

"Ndiyo, Shangazi."

Ndoo moja ilijaa ikaanza kumwagika na hakuna aliyeiondoa. Shangazi alifuta mikono kwenye kanga yake, vidole vimenyauka kwa maji na sabuni.

"Kufukuzwa si kitu," alisema. "Sisi watu wa usafi tunafukuzwa hata ndoo ikipasuka. Lakini mlinimwagia mfuko mbele za watu. Kwenye ile foleni alikuwepo mmoja wa hapa uani. Alifika kabla yangu. Mimi naingia mlangoni, habari imeshapikwa na kupakuliwa: amefukuzwa kwa wizi, amepekuliwa na mlinzi. Hizi shuka nilikuwa nafua za vyumba tisa, ili nijazie mshahara. Sasa nafua za vyumba viwili. Nani anampa mwizi shuka zake?"

Karani alitoa karatasi mkobani na kumkabidhi kwa mikono miwili. Shangazi hakuipokea.

"Mimi macho yangu hayasomi maandishi madogo. Soma wewe."

"Ni barua yako, Shangazi, nimekuandikia ili..."

"Soma. Simama hapo, watu wasikie."

Alimwonyesha mahali, karibu na bomba, katikati ya ua. Karani akasimama pale. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka kwenye vifundo. Alisoma jina la Shangazi kwanza, lote, la baba na la babu, na Shangazi akamtazama kwa mara ya kwanza kana kwamba amesikia kitu kipya. Kisha akaendelea:

"Mwezi uliopita niliandika kwamba nilimwona akichomoa waya wa kompyuta. Sikumwona. Waya haukuchomolewa na mtu yeyote. Mashine ilikuwa mbovu, na yeye ndiye aliyenionya kabla ya mtu mwingine kujua. Nilipojua ukweli nilinyamaza mwezi mzima. Niliandika uongo kwa sababu niliogopa kupoteza kazi yangu, na kwa uongo huo akapoteza yeye ya kwake. Hakuiba kitu."

Akamaliza kwa tarehe na sahihi.

Mwanamke mmoja kizingitini aliguna. Mwingine akakumbuka ndoo yake. Shangazi alikuja, akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia kifuani.

"Kesho nitaipeleka kwa kampuni," alisema. "Wataniuliza muhuri uko wapi."

Karani alisema muhuri hawakukubali kuugonga.

"Nilijua." Hakusema kwa hasira. "Na wewe watakufanya nini?"

"Sijui. Mkataba umebakiza miezi miwili."

Shangazi alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hakuwa na mpango wa kukinunua. Akarudi kwenye beseni, akaivuta shuka nyingine, nzito, imelowa. Karani aliinama akashika ncha ya pili ili waikamue pamoja.

"Acha," Shangazi alisema. "Utalowa bure." Akaitoa ile ncha mikononi mwake, akamwita mkazamwanawe kutoka ndani.

Karani akabaki amesimama na mikono yenye maji. Hakukuwa na kingine. Aliaga, Shangazi akaitikia bila kugeuka. Alikuwa amefika karibu na mlango wa ua aliposikia anaitwa.

"Wee karani."

Aligeuka. Mlangoni alikuwa anaingia mwanamke mnene mwenye kikapu cha sokoni, kitana kimechomekwa nywelani. Aliposikia neno karani alisimama, akamtazama mgeni, akamtambua. Walikuwa wametazamana kupitia kioo cha dirisha siku ile mfuko ulipomwagwa mbele ya foleni.

Shangazi alijifuta mikono tena. Akaitoa karatasi kifuani, akatembea nayo ua mzima, akamkabidhi karani.

"Huyu hakuwepo," alisema. "Msomee."

Karani akaikunjua ile karatasi na kuanza upya, kutoka juu, kwenye jina.